Mlinzi Ambaye Mjomba Hakumuua

Mjomba wangu alikuwa akitengeneza grili za madirisha, na zamani, kabla ya kuanza kuzitengeneza, alikuwa mtu wa kuzikata usiku. Waithaka nzima, mtaa wetu, ilijua hivyo, na hiyo ndiyo iliyomletea wateja. Mtu akija kuagiza grili, mjomba alimuuliza dirisha linaelekea upande gani, kama kuna mti karibu, na mbwa analala wapi. Kisha alisema, "Hapa mimi ningeingilia choo." Mteja alicheka kwa woga na kuagiza grili ya choo pia.

Alitoka jela nikiwa kidato cha tatu. Alikuwa amekaa ndani miaka sita kwa wizi wa nyumba, nyingi zikiwa za mitaa ya matajiri ya Loresho na Spring Valley, na huko ndani aliokoka na kujifunza kuchomelea vyuma. Mama, ambaye ni dada yake mkubwa, alimpa chumba nyuma ya nyumba yetu. Mimi nilimwangalia tu. Nilikuwa msichana wa kuangalia. Nilipoingia chuo kikuu nikawa wa kuuliza pia, na nilipomaliza na kukosa kazi nikapata wakati mwingi wa kuuliza. Niliacha kwenda kanisani. Mama alilia; mjomba alinipa jina jipya.

"Digrii, leo umekataa nini?"

"Leo bado, mjomba."

"Saa nne na hujakataa kitu? Basi wewe ni mgonjwa."

Katika kanisa letu haitoshi mtu kusema ameokoka. Lazima asimame mbele aeleze alikotolewa, na alikotolewa kuwe na kina. Palikuwa na mama aliyekuwa akipika pombe haramu, na mzee aliyekunywa karo ya watoto wake wote. Tulizijua shuhuda zao kama tunavyojua njia ya kwenda dukani. Shida ni kwamba ushuhuda ukirudiwa unachoka, na anayeutoa anaona nyuso za watu zikichoka nao. Kwa hiyo anaongeza chumvi kidogo. Sidhani kuna aliyekaa chini akapanga kudanganya. Ni kwamba shimo likiwa refu zaidi, mkono uliomtoa unaonekana una nguvu zaidi, na nani atalalamika Mungu akisifiwa?

Ushuhuda wa mjomba ulikua mbele ya macho yangu. Mwaka wa kwanza alikuwa amekata madirisha na kuiba televisheni. Mwaka wa tatu pakaingia panga. Nilipokuwa chuoni, Mama aliniambia kwenye simu kwamba sasa kuna bastola, na kwamba watu wanne waliokoka Jumapili hiyo. Kisha, katika mwaka wa uchaguzi mkuu, akaingia mlinzi wa Loresho.

Nilikuwa nimepata kibarua katika duka la intaneti katikati ya jiji, karibu na River Road, nikiwapigia watu chapa barua za kuomba kazi, kazi ambazo na mimi nilikuwa nikiziomba. Mchungaji alitaka ushuhuda wa mjomba utolewe kama kijitabu cha kugawa mitaani. Mjomba akaniomba niuandike. Nilikaa kwenye kibanda chake cha mabati kando ya barabara, yeye akizungumza huku akipiga msasa vyuma, mimi nikiandika kwa mkono ili nikapige chapa kazini.

Alipofika kwa mlinzi, aliacha kupiga msasa. Alisema waliingia nyumba moja Loresho wakiwa watano. Walimfunga mlinzi mikono na miguu, wakamziba mdomo kwa kitambaa ili asipige kelele, na walipotoka alikuwa ameshakata pumzi. "Mimi ndiye nilishika tochi," akasema. "Andika hivyo."

Niliandika. Lakini kalamu ilianza kuwa nzito, kwa sababu yule mlinzi nilimjua. Mwanawe alikuwa akikaa nami dawati moja shule ya msingi. Walikuwa watu wa magharibi mwa nchi, wakipanga chumba kimoja upande wa juu wa Waithaka. Baba alilinda nyumba Loresho na mama alifua nguo huko huko. Siku habari ya kifo chake ilipofika shuleni tulikuwa darasa la sita, somo la hesabu, na mwalimu alimtoa mwenzangu nje kwa kumshika bega. Darasa la sita. Mjomba alifungwa nikiwa darasa la tano. Najua kwa sababu Cucu, nyanya yangu, hakujua kuandika, na mimi ndiye niliyekuwa nikimwandikia mjomba barua za jela.

"Mjomba, hapa miaka haiingiani," nikasema. "Huyu mtu alikufa wewe ukiwa ndani."

Gari la mchanga likapita na vumbi likatuingia.

"Digrii, ushuhuda si kitabu cha hesabu."

"Lakini hukuwepo."

"Hao wengine wanne walikuwa watu wangu. Kama singeshikwa ile mwaka, ningekuwa pale. Unafikiri kwa Mungu kuna tofauti?"

"Kwa Mungu sijui. Kwa polisi ipo."

Alicheka. "Polisi wanasoma vijitabu vya kanisa?"

Ningeweza kukataa kuandika. Nimelifikiria hilo mara nyingi kuliko ninavyopenda kusema. Wakati ule niliona shuhuda zote kuwa hadithi, na hadithi moja kuzidi nyingine hakukuwa jambo langu. Nilijiona mwerevu kuliko wao wote. Nikaipiga chapa, nikasahihisha herufi, nikachagua hata mchoro wa jalada: mikono miwili na mnyororo uliokatika.

Diwani wetu alitaka kuwa mbunge. Alikuwa mtu wa sauti nzuri na viatu visivyoshika vumbi, sijui alivipitisha wapi. Wenye majumba makubwa ya Loresho na Spring Valley walikuwa wameingiwa na hofu ya wezi, na ingawa hawakuwa wapiga kura wake, ndio waliokuwa na uwezo wa kufadhili kampeni. Kwa hiyo akajitangaza kuwa mtu wa usalama. Aliyetaka kupambana na wezi ilibidi kwanza apate mwizi.

Alikuja kibandani asubuhi moja, nikiwa nimempelekea mjomba chai. Alikaa juu ya stuli ya chuma, akaisifu kazi.

"Mzee wa kazi, sasa?"

"Poa, mheshimiwa. Karibu."

"Wewe unajulikana. Vijana wanakuogopa na kina mama wanakuombea. Mimi nataka vijana kumi hivi, wale unaowajua. Wawe wanakuja kwa mikutano ya yule mwenzangu tunayeshindana, wanapiga kelele kidogo. Mawe mawili, matatu. Hakuna mtu ataumia."

Mjomba alivua miwani ya kuchomelea. "Mheshimiwa, mimi hiyo kazi niliachana nayo. Nimeokoka."

"Hata mimi nimeokoka," diwani akasema. "Tunaokoka Jumapili. Leo ni Jumanne."

Watu wake wawili waliokuwa nje wakacheka. Mjomba hakucheka.

"Tafuta mtu mwingine, mheshimiwa. Sina ubaya."

Diwani akainuka, akajipangusa suruali. Kwenye meza ya vifaa palikuwa na rundo la vijitabu. Akachukua kimoja, akakitazama jalada, akakitia mfukoni. "Hii ni ya bure, sivyo?"

"Ya bure," mjomba akasema, kwa furaha kabisa. Alidhani amepata nafsi ya kuokoa.

Wiki mbili baadaye palikuwa na mkutano kwenye uwanja wa shule. Mimi nilisimama nyuma. Diwani alizungumza juu ya maji na barabara, halafu akanyoosha mkono na kumwita mama mmoja apande jukwaani. Nilimtambua kabla hajageuka: mjane wa mlinzi, mama wa mwenzangu wa dawati. Alikuwa amevaa kitambaa chake cha kanisani na alionekana hajui asimame wapi. Diwani akatoa kijitabu mfukoni. Akasoma ukurasa ule kwa sauti yake nzuri, maneno niliyoyapiga chapa mwenyewe, hadi kwenye tochi.

"Huyu mama amelala na njaa miaka yote hii," akasema. "Na aliyemuulia bwana anachomelea grili mita mia mbili kutoka hapa. Anawauzia nyinyi! Je, hiyo ni haki?"

Mjane alikuwa akilitazama lile jalada langu.

Polisi walimchukua mjomba siku iliyofuata kabla ya adhuhuri, akiwa amepiga magoti anaunga lango. Walimruhusu kuzima mashine. Walimpeleka kituo katikati ya jiji, na nilifika huko jioni hiyo hiyo kwa kuwa kazini kwangu hapakuwa mbali. Tulizungumza kwenye kaunta, afisa akiandika mambo yake pembeni.

"Nitawaambia ulikuwa jela," nikasema.

"Usiseme."

"Mjomba, hii ni mauaji. Mauaji ni kitanzi."

"Wana faili zao. Wataziangalia, wataona wenyewe, wataniachilia polepole. Lakini wewe ukija na ukisema nilidanganya..." Akasogea karibu. "Hawa watu walinisamehe wizi. Nilimwibia hata mzee wa kanisa, akanisamehe, leo nimemwekea grili. Lakini nikisimama pale mbele, madhabahuni, na niseme uwongo? Hiyo hawatanisamehe. Nitabaki na nini, Digrii?"

"Utabaki na shingo."

"Haya, toka," akasema, lakini kwa upole. "Mwambie mama yako anitumie sweta."

Faili hazikutembea. Siku ya saba afisa wa upelelezi aliniambia kwamba wanazitafuta, na akaniambia hivyo bila kuinua macho. Gazeti moja liliandika habari ndogo, na diwani alinukuliwa akisema huu ni mwanzo tu. Siku ya tisa nilipanda kwenye kiti chumbani kwa Mama na kushusha kopo la majani ya chai ambalo Cucu aliniachia alipofariki. Barua zote za mjomba zilikuwa humo. Kila moja ilikuwa na muhuri wa jela wenye tarehe, kwa sababu barua haikutoka bila kusomwa. Mojawapo ilikuwa ya wiki ile ile mwenzangu aliposhikwa bega akatolewa darasani. Mjomba alikuwa akiomba sabuni na kuuliza kama ng'ombe amezaa.

Sikumuuliza tena. Nilizipeleka.

Afisa alizipanga mezani moja baada ya nyingine. Alisoma mpaka ile ya ng'ombe. "Kwa hivyo alikuwa anajisingizia?"

"Ndiyo."

"Mtu ajisingizie mauaji? Kwa nini?"

Nilijaribu kumweleza habari za ushuhuda, na shimo, na nyuso za watu zinazochoka. Alinisikiliza kwa adabu na hakuandika hata neno moja. Lakini mihuri aliiandika, na siku ya kumi na mbili mjomba akatoka, na sweta ya Mama mkononi. Tulitembea hadi Uhuru Park tukakaa kwenye nyasi kwa sababu alisema anataka kuona miti. Nilingoja anishukuru au anigombeze.

"Uliwaonyesha ile ya ng'ombe?" akauliza.

"Ndiyo."

"Alizaa ndume," akasema.

Jumapili nilikwenda kanisani, mara ya kwanza baada ya miaka mitatu. Diwani alikuwepo kabla yetu, ameketi mbele pamoja na wazee. Alikuwa ameahidi mabati ya paa jipya, na kwetu aliyeleta mabati hawezi kunyimwa kipaza sauti. Nilidhani ameaibika. Lo, sikumjua.

"Ndugu zangu, mimi nimedanganywa," akasema. "Nyinyi mmedanganywa. Huyu mama amedanganywa." Mjane alikuwa benchi la mbele, sijui ni nani aliyemleta, ingawa najua. "Mimi nilisoma kitabu cha kanisa nikaamini, kwa sababu nilifunzwa kuamini kanisa. Kosa langu ni lipi? Lakini mtu anayeweza kumdanganya Mungu mchana, mbele ya watoto, huyo usiku atakufanyia nini?"

Mtu akasema, "Kweli." Kisha wengi wakasema.

Mchungaji, ambaye ndiye aliyetaka kijitabu, alimwita mjomba asimame. Mjomba akasimama. Akakubali kwamba hakuwa Loresho. Akakubali kwamba panga lilikuwa la mwenzake na kwamba bastola hakuwahi kuishika. Kila alipokubali jambo, mtu fulani alipumua kwa hasira, kama kwamba tunaibiwa kitu pale pale tulipokaa. Mzee aliyekunywa karo za watoto wake alitikisa kichwa kwa huzuni. Hakuna aliyemwuliza kama karo zilikuwa zote.

Halafu mjane akainuka bila kuitwa. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Basi ni nani alimuua?"

Mchungaji akamtazama diwani, diwani akatazama paa. Mwishowe mchungaji akasema tuombe.

Mjomba alitengwa na Meza ya Bwana kwa mwaka mmoja, akahamishiwa benchi la nyuma, lile linaloachiwa watu waliotiwa nidhamu na wasichana waliopata mimba. Wateja wakapungua. Walimwamini zamani kwa sababu alikuwa mwizi aliyesema kweli. Sasa akisema "hapa ningeingilia choo" walitazamana. Diwani mwenyewe alishindwa kwenye mchujo wa chama na mtu mwenye mabati mengi zaidi, na picha zake zikanyeshewa kwenye kuta mpaka uso ukatoka, ikabaki tai. Hakuna aliyefaidika. Ningependa kuandika kwamba kuna aliyefaidika, hata kama ni yeye.

Baada ya mwezi hivi mjomba aliniambia nimsindikize kwa mjane. Alikuwa ametengeneza grili ndogo ya dirisha moja, nzuri, yenye mapambo ya majani pembeni, akaibeba begani. Aliniambia nibebe kopo la barua.

"Kwa nini?"

"Wewe si ndiye mtu wa ushahidi?"

Mjane alikuwa anaanua nguo uani. Alituona tangu mbali na hakukimbia, wala hakututolea viti.

"Hodi, mama," mjomba akasema.

"Mmefika."

Mjomba akaegemeza grili ukutani. "Mama, uliuliza swali kanisani. Mimi najua jibu. Sikusema pale kwa sababu pale nilikuwa nimeshamaliza maneno." Akaishika grili isianguke. "Aliyeshika tochi nilifungwa naye chumba kimoja. Yeye na wenzake waliletwa mwaka mmoja baada yangu, kwa kesi nyingine. Aliugua kifua akafia ndani. Kabla afe aliniambia yote, kwa sababu hakuwa na mtu mwingine wa kumwambia. Alisema hawakutaka kuua. Alisema bwana yako hakupigana. Aliwaomba kitu kimoja tu. Aliwaambia wamvue koti kabla wamfunge, kwa sababu koti ni ya kampuni na ikichanika atakatwa mshahara. Wakamvua. Wakaikunja wakaiweka juu ya kiti."

Mjane alikuwa ameshika shuka. Akaliachilia, likaanguka kwenye tope.

"Koti lilirudishwa likiwa limekunjwa," akasema polepole. "Halikuwa na tundu hata moja. Nilijiuliza ni muuaji gani anakunja koti. Sikumwambia mtu. Hata mtoto wangu sikumwambia."

"Ndiyo, mama. Ndivyo alivyosema."

Akamtazama mjomba kwa muda mrefu, na niliona uso wake ukifika mahali ambapo mimi na mjomba hatukuwa tumepafikiria.

"Basi ulikuwepo," akasema.

"Hapana, mama. Nimekwambia ni yule..."

"Ulisema ulikuwepo. Halafu ukasema hukuwepo. Sasa unanieleza habari za koti."

Mjomba akanigeukia. Nilifungua kopo, nikatoa barua ya ng'ombe, nikamwonyesha mjane muhuri na tarehe, nikamweleza kuhusu darasa la sita na somo la hesabu na bega la mwanawe. Niliongea haraka. Nilijisikia nikiongea kama diwani.

Hakuitazama karatasi. "Wewe ndiye uliandika kile kitabu," akaniambia. "Mtoto wangu alikupa nusu ya mkate wake kila siku. Wewe ndiye uliandika."

"Ndiyo, mama."

"Na hii nayo uliandika?"

Niliikunja barua nikairudisha koponi. Aliinama, akaokota shuka lake, akaanza kulikung'uta tope. "Chukueni dirisha lenu," akasema.

Mjomba akaibeba grili begani, upande ule ule aliokuja nao. Tulishuka barabara kuu ya Waithaka saa tisa mchana, maduka yote yakiwa wazi, yeye mbele na chuma chake, mimi nyuma na kopo la majani ya chai. Watu walimwona mwizi wa zamani akitoka nyumba ya mjane amebeba dirisha. Nilitaka kuwaeleza. Nilitazama uso mmoja mmoja nikitafuta wa kuanza naye, mpaka tukafika nyumbani.